Tusizike Sura za Wazee Wetu

Waandishi wa mambo ya utamaduni wetu wamezoea kuuhesabu urithi wa Taifa kwa orodha moja isiyobadilika: ngoma, hadithi, methali, vitendawili, uchongaji, ususi, ufinyanzi na mavazi. Orodha hiyo ni ya haki, wala sina nia ya kuondoa hata kimoja. Lakini pana kitu kilichomo katika nyumba nyingi za nchi hii, kimetundikwa ukutani au kimelazwa chini ya sanduku pamoja na hati ya shamba na cheti cha ubatizo, ambacho hakitajwi kila inapozungumzwa habari ya urithi. Kitu hicho ni picha ya mtu. Sisemi picha ya gazeti wala ya kitambulisho, bali ile ambayo mtu alivaa nguo zake nzuri, akaenda kwa fundi, akaketi, akatazamwa kwa makini, ndipo akapigwa. Madai yangu ni kwamba picha ya namna hiyo ni urithi sawa na kigoda cha ukoo, na kwamba sisi wenyewe, hasa sisi tuliosoma, tunafanya kosa kubwa kuwaacha wazee wetu waondoke duniani bila kuiacha.

Uzito wa jambo hili niliutambua msibani. Bibi yangu, mzaa mama, alifariki Mlali, chini ya milima ya Uluguru upande wa magharibi, pale ambapo barabara itokayo Sangasanga na Mzumbe huanza kuukabili mlima kuelekea Mgeta. Alikuwa amekula chumvi nyingi. Miaka yake hapana aliyeijua kwa hakika, maana alizaliwa kabla ya watu wa kwao kuzoea kuandika tarehe. Alilima mahindi, akalima nyanya, akabeba ndizi kichwani, akazaa, akalea wa kwake na wa wenzake, na katika ukoo wetu neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Alipokwisha kuzikwa, vijana wakataka picha yake itundikwe sebuleni siku ya arobaini. Nyumba ikapekuliwa, sanduku likafunguliwa, hakikuonekana kitu isipokuwa kadi yake ya kupigia kura. Katika kadi ile palikuwa na uso wenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, umeshtushwa na taa ya kamera, jicho moja limefumba nusu. Tukaipeleka mjini ikakuzwe. Ikarudi ina ukubwa wa sinia, lakini kadiri ilivyokuzwa ndivyo uso ulivyozidi kupotea, ukawa madoa madoa kama ukuta ulionyeshewa mvua. Wajukuu wadogo, ambao miezi miwili tu kabla ya hapo walikuwa wakilala naye kitanda kimoja, waliitazama wakauliza: "Huyu ni nani?"

Ukutani mwa chumba kile kile palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita yenye picha ya mchezaji mpira wa Ulaya, iliyochapwa vizuri, rangi zake safi, na jina lake limeandikwa chini yake. Nyumba ile ilikuwa na sura ya mgeni asiyejua hata kwamba Mlali ipo. Sura ya mwenye nyumba haikuwamo.

Watanijibu wazee, na jibu lao nalijua, kwamba Mluguru hahitaji karatasi ili akumbukwe. Katika Uluguru ukoo hufuatwa kwa mama. Ardhi ya ukoo na matambiko yake huenda kwa njia hiyo, na mjomba ana sauti kwa watoto wa dada yake. Mkuu wa ukoo akifa, yule anayeshika nafasi yake hushika pia jina lake. Mfano ulio mashuhuri ni Kingalu wa Kinole, upande wa mashariki wa milima, ambaye jina lake limepokewa na mmoja baada ya mwingine kwa vizazi vingi pamoja na kazi yake ya mvua. Kwa watu wa namna hiyo, wasema wazee, kifo hakimwondoi mtu. Jina liko, nafasi iko, na aliyelala kaburini hutajwa kwenye tambiko kana kwamba yu hai. Picha ya nini tena?

Hoja hii ina heshima yake, na anayeibeza haujui utamaduni anaousemea. Lakini hebu tuipime. Jina la kurithi hubeba nafasi, halibebi mtu. Kingalu wa leo ni Kingalu, na wa zamani alikuwa Kingalu, na ndivyo ilivyokusudiwa, kwamba watu wapite na cheo kibaki. Lakini mtu aliyekishika cheo hicho alikuwa na paji lake la uso, na namna yake ya kuketi, na kovu lake. Hayo jina haliwezi kuyahifadhi, wala halikuundwa kwa kazi hiyo. Tena hata kwa desturi zetu wenyewe twapenda sana kuitafuta sura. Mtoto akizaliwa, wanawake hawakai siku mbili bila kusema: huyu pua ni ya bibi yake, huyu kidevu ni cha mjomba wake aliyekufa. Watu wanaosoma nyuso za watoto wachanga ili kuwaona waliokwisha kufa hawawezi kuambiwa kwamba sura ya mtu si kitu kwao. Walichokosa ni chombo tu, na sasa chombo kipo.

Na pana jambo jingine linalonikera zaidi. Katika albamu nilizozipekua Mlali na milimani kwa watu wa Mgeta, wazee wanaoonekana ni wanaume. Sababu zaeleweka. Mwanamume ndiye aliyekwenda kukata mkonge Kilosa au Ngerengere. Ndiye aliyeandikishwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili akapelekwa mpaka Burma. Ndiye aliyekaa mjini Morogoro na siku ya mshahara akapita studio na rafiki yake, wakavaa koti moja kwa zamu. Mwanamke alibaki na jembe. Matokeo yake ni kwamba ukoo uendao kwa mama una albamu iendayo kwa baba. Shina la ukoo halionekani kabisa. Yaonekana matawi yaliyokwenda safari. Mtu akisema kwamba picha zaharibu desturi ya Uluguru, mimi namjibu kwamba ukosefu wa picha za wanawake ndio unaoiharibu, maana watoto wa leo wanajifunza ukoo kwa macho, na macho yao yanaambiwa kwamba ukoo ni wanaume.

Sasa niigeukie hoja ya wasomi, ambayo ni dhaifu zaidi ingawa husemwa kwa sauti kubwa zaidi: kwamba picha ya studio ni kasumba, ni mtindo wa Wazungu wa kujiona, nasi tumeuiga. Wanaosema hivi hawaijui historia ya pwani yao. Ni kweli kwamba ufundi wa picha ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839. Lakini kabla karne hiyo ya 19 haijaisha, Unguja ilikwisha kuwa na studio, na iliyojulikana sana ilikuwa ya A. C. Gomes, mtu wa asili ya Goa. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na kazi hiyo ikaendelezwa na mwanawe. Mombasa, tangu miaka ya 1940, watu wa mji walikwenda kwa N. V. Parekh wakiwa na nguo zao za Idi na za harusi. Lamu palikuwa na Omar Said Bakor, ambaye hakuridhika kupiga sura peke yake, bali alizikata na kuzipanga picha mpaka mtu akaonekana ametokea katika ua au katika chombo cha nyumbani. Hayo hakuyaiga kwa Mzungu. Kitu kilichokaa kwetu kwa muda wa karne na nusu, kikashikwa na mafundi wetu, kikapewa pazia la mnazi na bahari na mkao wetu wa heshima, hakiwi kigeni tena. Khanga nazo kwa miaka mingi zilichapwa ng'ambo na kuletwa kwa meli, na taarabu inasimuliwa kwamba ililetwa kutoka Misri wakati wa Seyyid Barghash. Mbona hatuzitupi baharini?

Juu ya mkao huo, niseme neno moja kando. Vijana hucheka wakiona wazee katika picha za zamani wamekaza uso, wakadhani kwamba waliogopa kamera. Kamera za miaka ya 1950 hazikumtaka mtu akae bila kutikisika kwa dakika nzima; zilikuwa na haraka ya kutosha kumnasa mtu anayecheka. Wazee hawakucheka kwa sababu walijua kwamba wanatazamana na watu ambao bado hawajazaliwa, na mbele ya mgeni usiyemjua huanzi kwa meno.

Ikiwa twataka kuzungumza habari ya picha za kikoloni, basi tuzungumze kwa ukweli. Wajerumani walipiga picha nyingi sana katika nchi hii. Mmoja wao, Walther Dobbertin, alifanya kazi ya upigaji picha katika koloni lao hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mkusanyo wa picha zake umo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani. Tangu mwaka 2008 nyingi kati ya hizo zimewekwa wazi, mtu ye yote aweza kuzitazama kwa intaneti. Mwanafunzi akizifungua ataona askari, wapagazi, wanawake sokoni, wafanyakazi wa reli. Ni picha nzuri, zimepigwa na fundi. Lakini asome yaliyoandikwa chini yake. Mara nyingi atakuta kazi ya mtu, au kabila lake, au mahali alipokuwa amesimama. Jina lake hatalikuta. Hapo ndipo ulipo ukoloni wa picha: uso umechukuliwa, mwenye uso ameachwa. Walichotufanyia si kutufundisha kupenda sura zetu. Walitufanya vielelezo, kama vipepeo vilivyochomwa pini ubaoni.

Na dawa ya ugonjwa huo si kuikimbia kamera. Marekani alikuwako Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani mwaka 1818 au karibu na hapo, akatoroka mwaka 1838, akawa msemaji mkubwa wa kupinga utumwa mpaka alipofariki mwaka 1895. Siku zile magazeti na mabango ya nchi yake yalikuwa yakimchora mtu mweusi kama kikaragosi. Douglass alikwenda kwa wapiga picha mwaka baada ya mwaka, amevaa vizuri, amekaza macho, haombi huruma ya mtu. Watafiti wamekusanya picha zake mbalimbali zipatazo 160, wakamhesabu kuwa Mmarekani aliyepigwa picha nyingi kuliko wote katika karne ya 19. Alijua alichokuwa akifanya. Aliiona studio kuwa uwanja wa mapambano, na uso wake mwenyewe kuwa ushahidi.

Lakini sura bila jina nayo haitoshi, na kwa hili Waafrika tumekwisha kupata funzo. Seydou Keïta alifungua studio yake mjini Bamako, Mali, mwaka 1948, akawapiga watu wa mji ule kwa umahiri ambao leo unasifiwa duniani kote. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York, na palipotakiwa kuandikwa jina la mpigaji pakaandikwa kwamba hajulikani. Baadaye alitafutwa, akapatikana nyumbani kwake, jina lake likarudishwa. Lakini wale mabibi na mabwana walioketi mbele yake, ambao sasa wanatundikwa katika majumba makubwa ya sanaa, wengi wao hata leo hawana jina. Kalamu ya risasi ya senti chache nyuma ya kila picha ingalitosha.

Hapa kwetu Serikali imeujua uzito wa picha tangu mwanzo, walakini kwa upande mmoja. Idara ya Habari imetunza picha za viongozi. Hakuna mwanafunzi asiyeijua ile ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar mwaka 1964. Edward Moringe Sokoine alifariki ajalini tarehe 12 Aprili 1984 karibu na Dakawa, ambayo leo imo katika wilaya hii hii ya Mvomero iliyo na Mlali. Vijana waliozaliwa miaka 20 na zaidi baada ya siku ile wanaijua sura yake kama wanavyoijua ya jirani. Hilo ni jema. Lakini tazama upande wa pili. Tangu ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, ngoma imepewa vikundi, uigizaji umepewa chuo pale Bagamoyo, uchongaji umepewa maonyesho, na sauti za waimbaji zimehifadhiwa redioni. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifariki Mombasa mwaka 1979, akiwa hajafika miaka 40, nasi twamsikia hata leo kwa sababu alipelekwa kwenye kinasa sauti. Hapana aliyesema kwamba santuri ni kasumba. Mpiga picha wa mtaani pekee ndiye aliyeachwa ahesabiwe pamoja na wauza sabuni, mtu wa leseni ya biashara na si mtu wa sanaa, na kazi yake ikaachwa ioze pamoja na duka lake.

Na imeoza. Mimi mwenyewe nilikwenda kutafuta negativu ya picha ya mama yangu katika studio moja mjini Morogoro, ambayo sina haja ya kuitaja. Nilikuta pamekuwa duka la vifaa vya simu. Nikaambiwa kwamba maboksi ya filamu yalikuwako, yamejaa vumbi, yakatupwa pamoja na takataka siku ya kupaka rangi. Miaka mingi ya watu wa Morogoro, wenye kuoana, wenye kumaliza darasa la saba, wenye kuvaa koti la kwanza, ilitupwa kwa asubuhi moja, na hapana aliyejua kwamba ametenda jambo. Sikuweza kumlaumu kijana aliyekuwa akiniambia. Kampuni ya Kodak yenyewe, iliyowafundisha watu wa dunia nzima kutumia filamu, iliomba hifadhi ya kufilisika mwaka 2012. Itakuwaje studio ya chumba kimoja?

Ndipo ninapofikishwa kwenye hoja ya vijana: kwamba siku hizi kila mtu ana simu, kila simu ina kamera, picha zimekuwa nyingi kuliko wakati wo wote, kwa hiyo tatizo limekwisha lenyewe. Ningependa iwe kweli. Lakini bibi yangu alikufa katika zama hizi za simu, na nyumbani kwake simu zilikuwa tano. Tulipozipekua tukaona picha za mbuzi, za keki, za magari ya watu wengine, na za wajukuu wenyewe wakijipiga mamia kwa mamia. Yeye alionekana mara mbili tu: mara moja ni kiwiko chake, na mara ya pili amesimama mlangoni, jua liko nyuma yake, uso wake ni giza tupu.

Giza hilo lina sababu, na yafaa wanafunzi waielewe, maana ni elimu. Kamera ya simu ikiachiwa kazi yote huupima mwanga wa eneo zima. Nyuma ya mtu pakiwa na jua kali, chombo hudhani kwamba mwanga ni mwingi mno, kikaupunguza, na mtu mweusi aliye kivulini humezwa. Hata kabla ya simu, vifaa vyenyewe havikutengenezwa kwa kutufikiria. Kwa miaka mingi tangu miaka ya 1950, Kodak ilizipa maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi yenye sura ya mwanamke Mzungu, iliyoitwa Shirley. Uso wake ukitoka vizuri, picha ilihesabiwa kuwa sawa. Sisi tulitoka jinsi tulivyotoka. Fundi wa studio ndiye aliyekuwa akiusahihisha upungufu huo kwa akili yake na kwa mikono yake: huongeza mwanga kwa mtu mweusi sana, huweka kitambaa cheupe upande mmoja ili kirudishe nuru shavuni, humgeuza mteja kidogo ili paji lisimetemete. Hayo hayakuandikwa katika vitabu vilivyokuja na kamera. Ni elimu iliyopatikana hapa hapa, kwa kuzitazama ngozi zetu, na kama hiyo si sanaa ya Taifa basi neno hilo halina maana.

Fundi hana mwanga peke yake. Ana subira. Anayempiga bibi kwa simu anataka kumaliza. Fundi anangoja mpaka mtu arudi katika uso wake, maana kila mtu akiambiwa kwamba apigwa picha huutoka uso wake kwanza, akavaa mwingine. Kisha fundi ana karatasi. Hili ndilo vijana wasilolitia akilini. Simu huibwa, huanguka majini, hufa. Na namba ya siri ya mwenyewe huenda naye kaburini. Picha ya karatasi yaweza kukaa sandukuni miaka 60 bila kuhitaji umeme wala namba.

Lakini karatasi nayo yataka elimu, nami sitaki kumdanganya msomaji. Picha nyeusi na nyeupe imeundwa kwa chembe za fedha, ile madini yenyewe. Ikisafishwa na kuoshwa sawasawa hudumu zaidi ya miaka 100. Picha ya rangi ni ya dawa za rangi, nazo huchakaa kwa mwanga na joto. Ndiyo maana picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zimegeuka nyekundu, na harusi za wakati ule zaonekana zote zimefungwa magharibi jua likizama. Karatasi za siku hizi ni bora, ila zategemea nani amechapa na kwa wino gani. Picha isitundikwe mahali panapopigwa na jua. Isigandamizwe na kioo cha fremu, maana unyevu wa masika ukiingia huganda kiooni na kung'oka ngozi. Iwekwe kipande cha karatasi ngumu pembezoni ili papitishe hewa. Zile albamu zenye kurasa za gundi na plastiki huila picha polepole. Bahasha ya karatasi kavu ni salama zaidi. Na Mlali, mwenye sanduku la mbao asiliweke chini sakafuni. Mchwa hawabagui bibi na kalenda.

Wako pia waumini wanaoona vibaya sura ya mtu itengenezwe na kutundikwa. Anayejizuia kwa ajili ya dini yake aheshimiwe, wala mwalimu asimlazimishe mtoto wake. Lakini wengi walionijibu kwa hoja hii walinijibu huku picha zao wenyewe zimejaa simuni. Nao sikuona sababu ya kubishana nao.

Waalimu wenzangu, twafundisha katika historia kwamba mwaka 1955 watu wa Uluguru waliukataa mradi wa matuta wa serikali ya kikoloni, na kwamba pale Matombo palitokea ghasia na mtu akauawa. Ni habari kubwa: wakulima wasiokuwa na silaha waliisimamisha serikali. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijapata kumwonyesha mwanafunzi sura ya hata mmoja wao. Namwandikia ubaoni mwaka, namwandikia jina la mahali, naye anayanakili kama anavyonakili urefu wa mto Amazon. Lakini wengi wa wanafunzi hao walikuwa na babu au bibi aliyeziona siku zile kwa macho yake, na wazee hao wamekuwa wakizikwa mmoja mmoja katika mashamba yanayoonekana kutoka madirishani mwa madarasa yetu.

Wachache waliobaki hawatungoji. Shule ya sekondari iliyo chini ya milima haishindwi kumwalika fundi wa picha kwa siku moja, kipindi mavuno ya nyanya yameuzwa na watu wana chochote mfukoni, kila mwanafunzi akaja na mzee mmoja wa kwao, aanze na mwanamke. Mwanafunzi aandike nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, asibonyeze sana: jina la mzee lote, ukoo wake kwa upande wa mama, mahali, tarehe, jina la aliyepiga na la aliyeandika. Nakala moja iende nyumbani, nyingine ibaki maktaba ya shule. Gharama yake haishindi ile tunayomwaga kwa maturubai na spika siku moja ya msiba, kumlilia mtu ambaye hatukumtazama vizuri alipokuwa hai.

Nami sikungoja shule. Baada ya arobaini ya bibi nilimtafuta fundi mmoja wa mjini, mtu mzima aliyejifunza kazi katika chumba cha giza, nikampandisha daladala mpaka Mlali kwa mdogo wake bibi, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Fundi alikuja na pazia lake lenye maua. Bibi akalikataa. Alisema kwamba hajawahi kuishi ndani ya maua, akataka mlima uwe nyuma yake. Fundi akaeleza habari ya mwanga. Bibi akaeleza habari ya mlima. Wakabishana kwa adabu karibu saa nzima, wakangoja mpaka jua likaelekea magharibi likaupiga mlima na uso wake kwa pamoja, ndipo akaketi juu ya kigoda, mikono magotini, khanga mpya begani, akaitazama kamera kama anavyomtazama mtu aliyekuja kuomba shamba.

Nilipomletea picha wiki mbili baadaye aliishika kwa ncha za vidole, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akakaa nayo muda mrefu bila kusema. Kisha akauliza zimechapwa ngapi. Nikamwambia tatu. Akasema hazitoshi, akaanza kuwahesabu mabinti zake, na mabinti wa dada yake, na mabinti wao, akikunja kidole kimoja kwa kila jina.